Mzee anaenda kupasuliwa kwa roboti India? Ulizeni haya kabla hamjasaini

Kama parachichi za Rungwe zimeshauzwa na nauli ya Chennai ipo, cha kwanza mwelewe roboti haipasui yenyewe. Ile roboti ya upasuaji inayoitwa da Vinci, ambayo Marekani waliiruhusu mwaka 2000, daktari anakaa pembeni anaangalia skrini anaongoza mikono ya mashine, kwa hiyo anayeshtakiwa ni daktari, hospitali au kampuni iliyoitengeneza, na hao watatu wakianza kutupiana mpira nyie mko Uyole mnapiga simu hazipokelewi.

Muulizeni daktari, uso kwa uso, ameshafanya oparesheni ngapi kama hiyo hiyo kwa mashine hiyo hiyo. Msione aibu. Kuna kesi Marekani, jimbo la Washington, Taylor dhidi ya Intuitive Surgical (ndo watengenezaji wa da Vinci), mzee alitolewa tezi dume 2008, daktari ndo mara yake ya kwanza bila msimamizi, na mgonjwa alikuwa mnene kuliko kampuni ilivyoshauri. Ikabidi wahamie kwenye kupasua kwa kawaida, utumbo ulishachanika, akateseka sana baadaye. Mwaka 2017 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikasema kampuni inapaswa kuionya na hospitali inayonunua mashine, kumwambia daktari peke yake haitoshi. Kwa hiyo na nyie ulizeni hospitali, kampuni imesema mgonjwa wa aina gani asiwekwe kwenye hiyo mashine, na uzito wa mzee upoje.

Afu mashine ikigoma katikati nani anamalizia kwa mkono? Kama fomu ya ridhaa haisemi, waandike. Na msisaini usiku wa kuamkia oparesheni mzee keshapewa dawa za usingizi, huo uhuni mkatae.

Mkitoka, ombeni faili lote kwa maandishi. India daktari anatakiwa alitoe ndani ya saa 72. Video ikiwepo ombeni pia. Kule malalamiko ya fidia kwenye tume za walaji yana miaka 2 tu, ukija kushtuka umechelewa imekula kwako.

Kwa hapa Tanzania vifaa tiba viko chini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), daktari unampeleka Baraza la Madaktari Tanganyika, madai ya uzembe mahakamani ni miaka 3, na kama ni hospitali ya serikali mnatoa kwanza notisi ya siku 90. Wakili mtafuteni mapema, makaratasi yote pigeni picha mrushe kwenye grupu la familia, maana begi la mzee linaweza kubaki kwenye basi Makambako.