Mche wa mtaani, ufukie na chupa

Mnaopanda miti ya kivuli mitaani hapa Mtwara, pandeni Desemba mvua zikishakolea, mizizi ishuke kabla ya kiangazi. Kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, kichaneni kwanza, wengi huufukia mche nacho!

Shida ni mchanga wetu, haushiki maji. Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, itoboe matundu mawili karibu na kitako kwa msumari wa moto, ifukie kando ya mche, shingo ibaki nje. Jaza, funga kifuniko. Maji yakiisha upesi, kaza. Yasiposhuka, legeza kidogo.

Zungushieni makuti pia. Mbuzi wa mtaani hana mwenyewe, mpaka umguse.