Kuomba kazi ya utafiti Uholanzi ukiwa Tanga

Juzi kijana mmoja alinikuta kwenye kahawa, Ngamiani, akanipa barua yake ya kuomba kazi NIOZ, taasisi ya Uholanzi ya utafiti wa bahari. Imeanza hivi: "Mimi ni mchapakazi na mwaminifu." Nikamuuliza, mdogo wangu, unaomba ulinzi?

Shika hili kwanza: kule uzamivu, yaani kusomea PhD, ni ajira. Anayeusomea, wenyewe humwita promovendus, husaini mkataba, mara nyingi wa miaka 4, akalipwa mshahara na posho ya likizo ya asilimia 8. Kwa hiyo acha kungoja tangazo la ufadhili. Tafuta nafasi ya kazi. Uwe na shahada ya uzamili, au uwe unaimalizia.

Matangazo yanapatikana bure AcademicTransfer, tovuti ya ajira za utafiti Uholanzi, na kwenye tovuti za taasisi zenyewe. Za NWO, shirika la Uholanzi linalogharamia utafiti, ni kama NIOZ, iliyoko kisiwani Texel na Yerseke. CWI ya hesabu na kompyuta, Amsterdam. ASTRON ya elimu ya anga, Dwingeloo. Za KNAW, akademia ya sayansi ya Uholanzi, ni kama NIOO ya ikolojia, Wageningen. Atakayekudai hela ya "kukuunganishia", mwache aende zake. Ukishapata kazi, mwajiri ndiye anayepeleka maombi ya kibali chako idara ya uhamiaji yao, IND.

Sasa barua, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilituma barua moja kwa taasisi tatu, na mojawapo ikafika ikiwa na jina la nyingine. Sikujibiwa hata salamu.

Yule kijana tulikaa naye mpaka kahawa ikapoa. Kumbe utafiti wake wa uzamili aliufanyia mikokoni: kavuta kamba ya mita 50 topeni, kapima kipenyo cha kila mti wa mchu na mlilana kwenye usawa wa kifua, kahesabu miche, kisha kachambua takwimu kwa programu ya R. Na Yerseke wanachunguza namna mikoko inavyovunja nguvu ya mawimbi! Mambo yote hayo kayazika ukurasa wa pili, chini ya "mengineyo". Tukayapandisha juu kabisa. Uaminifu wake watausema wadhamini, nao awaombe ruhusa kabla ya kuandika majina yao, wasije wakashtukizwa na barua pepe ya Mzungu.

Kila sharti la tangazo lijibu kwa kitu ulichokifanya kwa mikono yako. Usichokijua, kama kuandika programu za kompyuta, sema umeanza kujifunza, ikiwa kweli umeanza. Ukurasa mmoja unatosha.

Usaili wa kwanza huwa kwa video. Angalia saa vizuri: saa nne asubuhi ya Uholanzi ni saa sita mchana Tanga wakati wa baridi yao, na saa tano wakati wa kiangazi chao. Weka bando kwenye simu pia, umeme wetu unaujua. Wakikuuliza kama una swali, uliza nani atakusimamia na data zitatoka wapi. Mshahara umeshaandikwa kwenye tangazo.

Jumapili kaniletea barua mpya. Nzuri, inaanza na tope. Ila Texel kaandika "Teksel". Nimemrudishia.