Kupeleka mzigo wa kwanza Kalemie ukitokea Kigoma

Mwezi uliopita nilimvusha mtoto wa dada yangu kwenda Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo (DRC), na mzigo wake wa kwanza, magunia 60 ya chumvi ya Uvinza. Njia nzima ananiuliza, "Mjomba, na hili je?" Nimeamua kuyaandika, yasije yakanirudia kwa mwingine.

Hatua ya 1: Makaratasi ya kwetu

TIN, leseni, pasipoti. Hayo unayajua. Mzigo mkabidhi wakala wa forodha. Ukijifanya mjuzi utalala bandarini na magunia yako.

Hatua ya 2: Sindano

Kongo huingii bila kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ukichomwa Ijumaa ukapanda boti Jumatatu umejisumbua. Ukishachanja mara moja, hiyo ni ya maisha.

Hatua ya 3: Jumla au rejareja

Usiende na ndoto ya kibanda sokoni. Biashara ndogondogo ya rejareja sheria ya Kongo imewaachia Wakongo wenyewe. Wewe uza jumla kwa wenye maduka. Ukiona soko limekukubali, ndipo usajili kampuni kupitia Guichet Unique, ofisi yao ya kuandikisha kampuni, upate namba ya usajili wa biashara, RCCM. Makaratasi yote ni Kifaransa, tafuta mkalimani unayemwamini. Na Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kusikulevye: uhamiaji ni DGM, forodha ni DGDA, ukaguzi wa bidhaa ni OCC, na kila dirisha unalolipia dai risiti.

Hatua ya 4: Dola

Hapa ndipo nilipolia mimi, kwa hiyo soma polepole.

Kalemie jumla inakwenda kwa dola, chenji inarudi kwa faranga za Kongo. Lakini noti ambayo Kigoma unaiona nzima, kule ni mgonjwa. Safari yangu ya kwanza nilibeba dola 600 za kulipia stoo na wapagazi. Mbadilisha fedha alizipanga mapajani, akaanza kupitisha ukucha pembezoni mwa kila noti, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba. Tatu za mia mia akanirudishia. Moja ilikuwa na mpasuko usiofika hata nusu sentimita, nyingine mhuri mdogo wa duka fulani, ya tatu alama ya kalamu ya wino. "Hii haiko muzuri," basi. Nikazunguka nazo siku mbili, wapagazi wananidai, mpaka nikampata aliyekubali kuzichukua kwa kukata dola 10 kwenye kila mia.

Kwa hiyo noti zikague ukiwa bado mbele ya dirisha la benki, na usione haya watu wakiguna nyuma yako. Shika kila noti mbele ya mwanga. Mpasuko, rudisha. Mhuri, rudisha. Gundi, hata usiulize. Zile za zamani zenye picha ndogo ya kichwa zisahau kabisa. Noti ya mia chukua yenye utepe wa buluu, iliyoanza kutoka 2013. Noti ya dola 1 wengi wanaikataa hata ikiwa mpya. Usizikunje, mimi naziweka katikati ya daftari gumu, na daftari ndani ya mfuko wa nailoni, maana ziwa halina adabu.

Mnunuzi akikulipa, geuka uwe wewe mwenye ukucha. Atakayekwambia "hii inapita tu, kaka" mwambie aipitishe yeye. Na ukirudi na zaidi ya dola 10,000 taslimu, unaziandikisha forodha ukifika Tanzania.

Kuna njia ninayoipenda kuliko zote: nunua laini ya Kongo, isajili kwa pasipoti, ufungue M-Pesa ya kule. Ina akaunti mbili, ya dola na ya faranga. Dola ya kwenye simu haina mpasuko. Ila usiichanganye na M-Pesa yako ya Tanzania, na faranga usizilaze. Bei yake inabadilika, geuza siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Kuvuka

Boti za mizigo ziko Kibirizi. Chumvi iwekwe juu ya mbao, isiguse sakafu ya boti, na turubai liwe lako, si la kuahidiwa. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, nahodha akisema leo hatutoki, mnunulie chai mkae.

Hatua ya 6: Kiswahili chenyewe

Ulidhani hapa umefika nyumbani. Mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi alinitumia ujumbe: "Nataka kuuza chumvi magunia 40." Nikamjibu ninayo ya kutosha, asante. Kumbe kwao *kuuza* ndiyo kununua, na sisi tunaouza wanasema *tunauzisha*. Mzigo akauchukua kwa mwingine, hatua chache kutoka stoo yangu. Siku hizi nauliza kwanza nani anatoa feza.

Halafu ukishuka rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Simu nyingine hazibadiliki zenyewe, nawe utakuwa umesimama mbele ya ofisi iliyofungwa unawalaumu watu bure.