Uji wa mtoto wa miezi sita: ulezi kwanza, karanga zikae kando

Ninaandika somo hili ili nipumzike. Karibu kila wiki mama mmoja huniuliza achanganye nafaka ngapi katika unga lishe wa mtoto anayeanza kula, na kila ninapojibu kwamba aanze na moja, huona kama ninamnyima siri.

Hatua ya kwanza ni kusubiri mtoto atimize miezi sita, shingo iwe imara na aweze kukaa akiegemezwa. Anaendelea kunyonya kama kawaida, kwa kuwa chakula hiki ni cha nyongeza.

Hatua ya pili ni ulezi. Nunua kilo mbili tu, upete kwa ungo, kisha uoshe kwa kumimina maji, kukoroga na kuhamishia ulezi chombo kingine ukiacha mchanga chini. Rudia hadi chini pasibaki kitu, kwa maana ulezi mwingi unaofika soko la Majengo umepurwa juu ya ardhi.

Hatua ya tatu ni kuanika juu ya turubai safi mpaka punje zikauke kabisa.

Hatua ya nne ni kusaga. Nusu kilo ya kwanza itakayotoka mashineni itakuwa na mabaki ya mahindi ya mteja aliyetangulia, kwa hiyo iweke kwa ajili ya uji wa wakubwa.

Hatua ya tano ni karanga, na hapa ndipo nilipoharibu. Kwa mtoto wangu wa kwanza nilipeleka mashineni mchanganyiko wa vitu tisa, karanga mbichi zikiwemo, nikasaga kilo tano kwa mpigo na kuzifungia kwenye ndoo karibu na jiko. Kabla mwezi haujaisha unga ukaanza kunuka mafuta yaliyochacha, na mtoto akawa anageuza uso kila akiona kijiko, nami nikamlaumu kwa kudeka. Nilipokwenda kuzitazama karanga zilizobaki kwenye mfuko nilikuta nyingine zimesinyaa na nyingine zina ukungu wa kijani, maana yake nilikuwa nimemsagia mtoto karanga ambazo mimi mwenyewe ningezitema. Karanga nzima mbovu utaiona na kuitupa, lakini ikishakuwa unga hakuna jicho litakaloitambua.

Jambo hili si la kudekeza macho tu. Kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kuoshwa, na sisi wa kanda ya kati tunapaswa kuwa wa mwisho kuisahau, kwani mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa katika maeneo ya Chemba, Kondoa na Kiteto kwa sababu ya nafaka zenye sumu hiyo, watoto wakiwa miongoni mwao. Ukame shambani huudhoofisha mmea, na kuhifadhi mazao kabla hayajakauka humalizia kazi. Kwa hiyo chambua karanga moja moja mchana kwenye mwanga, tupa iliyosinyaa, iliyovunjika na iliyobadilika rangi, wala usiwape kuku. Zikaange, uzitwange kwenye kinu mpaka zilainike kabisa, kiasi cha wiki moja tu, na uongeze kijiko kidogo kwenye uji ulioiva. Usimpe mtoto karanga nzima, kwa sababu zinaweza kumkaba.

Hatua ya sita ni kupika. Koroga unga kwa maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, upike kama dakika ishirini. Uji uwe mzito, ukae kwenye kijiko bila kukimbia ukikiinamisha, kwani tumbo la mtoto ni dogo na uji mwepesi hulijaza maji. Usitie chumvi wala sukari. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi yake tayari.

Hatua ya saba ni kulisha kwa kijiko na kikombe, si kwa chupa. Anza na vijiko viwili au vitatu mara mbili kwa siku, uongeze taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Kila chakula kipya kipe siku tatu kabla ya kuleta kingine. Usichelewe kuleta maini au nyama iliyosagwa, maharage yaliyopondwa na yai lililoiva, kwa maana kufikia umri huu akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapungua, na ulezi peke yake hautoshi.

MASWALI

Mama Brayani: Wangu ana miezi minne na analia sana usiku. Nianze na vijiko vingapi?

Jibu: Hatua ya kwanza, mama. Akilia, mnyonyeshe, na asipotulia mpeleke kliniki.

Mama Mwaja: Shikamoo mama. Uji mzito wangu anaukataa, mwepesi anaumaliza. Bibi yake anasema zamani walitumia kimea. Kinafanyaje kazi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na bibi ana haki ya kusikilizwa. Punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga, hivyo uji mzito hulegea bila kuongezwa maji na chakula kinabaki kilekile. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanike, usugue vimizizi vitoke, kisha usage. Usiukaange, kwani moto huua vimeng'enya. Uji ukiiva uepue, uache upoe kidogo, tia kijiko cha chai cha kimea, koroga na usubiri dakika chache, utauona unalegea. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo ili kuua vijidudu vilivyokuja na kimea. Tumia ulezi badala ya mtama, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana sumu yake.

Baba Asha: Karanga zangu ni za dukani, ziko kwenye pakiti. Nazo nichambue?

Jibu: Pakiti haina macho. Chambua.

Mama Tunu: Nina asali mbichi nzuri ya Manyoni. Naweza kuitia badala ya sukari?

Jibu: Kabla ya mwaka mmoja, hapana, hata iwe safi namna gani, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu ndani ya utumbo wa mtoto mchanga. Ukitaka ladha, jaribu unga wa ubuyu ulioondolewa mbegu na nyuzi: tia kijiko kidogo uji ukishaepuliwa, maana moto hupunguza vitamini C yake, nayo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma.

Mama Mwaja: Na chai ya rangi anayoonjeshwa na wakubwa?

Jibu: Wazuie. Chai huzuia madini hayohayo unayoyatafuta kwenye maini. Na ukinunua dagaa wa kumsagia, waondoe vichwa na uwaoshe kwa maji ya moto mara mbili, kwani wengi wao pia wameanikwa mchangani.