Somo: Kutuma ripoti ya dayalisisi ya tumbo kwa simu

Somo hili ni la wanaobadilisha nyumbani maji ya dayalisisi, yaani yale yanayowekwa tumboni kusafisha damu figo zikishindwa, hasa walio mbali na Kisumu. Nesi wa figo akiwa upande wa pili wa simu hamwoni mgonjwa, anaona namba na picha tu. Namba mbovu ni hatari kuliko kutotuma kabisa.

Hatua ya 1: Uzito na presha. Jipime asubuhi, tumbo likiwa katika hali ileile kila siku, ama lina maji ama halina. Ukipima leo ukiwa na maji na kesho bila, mizani itaonyesha umepungua kilo 2, na nesi ataona umekauka kumbe miguu imevimba. Presha pima ukiwa umekaa dakika 5.

Hatua ya 2: Maji yaliyotoka. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Mfuko wa lita 2 huwa na ziada kidogo ya kusuuzia mpira, na ziada hiyo huishia kwenye mfuko wa taka, ule unaopokea maji yanayotoka tumboni. Ukipima mfuko wa taka peke yake kisha ukatoa 2,000, utajisifu bure. Ondoa nailoni ya nje, tundika seti nzima (mfuko mpya, mipira na mfuko mtupu) kwenye mizani ya ndoano ya dijitali, uandike. Ukishamaliza na kufunga kofia mpya kwenye mpira wa tumboni, pima tena seti hiyo nzima. Uzito wa pili toa wa kwanza, kila gramu ni kama mililita 1. Jibu likiwa chini ya sifuri, liandike hivyo hivyo, usilifiche. Kisha jumlisha mara zote 4 za siku. Mara moja pekee haisemi mengi.

Hatua ya 3: Picha. Simu ni chafu kuliko unavyodhani, kwa hiyo usiiguse mpaka kofia ifungwe. Laza mfuko wa taka juu ya gazeti, karibu na dirisha, bila flashi. Herufi zinapaswa kusomeka kupitia maji.

Hatua ya 4: Meseji. Tarehe, uzito, presha, nguvu ya kila mfuko (asilimia ya sukari: 1.5, 2.5 au 4.25) na jumla ya maji. Tuma kwa namba ya kliniki, si kwenye grupu la familia.

Maji yakiwa na ukungu, usitume picha ukakaa kusubiri jibu. Beba mfuko huo uende hospitali, upige simu ukiwa njiani. Usinunue antibiotiki dukani kwanza. Ukizimeza kabla maji hayajachukuliwa, maabara inaweza kushindwa kupata kijidudu.

MASWALI

Huku Budalang'i intaneti inakuja na kupotea. Nifanyeje?
SMS ya kawaida inatosha: "3/6 U61.8 P145/90 M1.5,1.5,2.5,1.5 J+650". Kubalianeni na nesi mapema maana ya kila herufi. Picha zihifadhi, utume mtandao ukirudi.

Baba amejaza lita 2, zimetoka 1,400 tu. Mpira umeziba?
Ndugu, anza na mambo rahisi. Angalia klampu, angalia kama mpira umejikunja chini ya mkanda, kisha mzee ajigeuze upande au atembee kidogo. Halafu muulize amepata choo lini. Utumbo uliojaa huukandamiza mpira au kuusogeza, na hiki ndicho chanzo cha kawaida sana. Mkiona nyuzi nyeupe kwenye maji, mwambieni nesi. Msivute kwa sindano, na msimwongeze lita 2 nyingine kabla ya kupiga simu.

Mama ana kisukari, usiku anatumia maji ya aikodekstrini. Mashine ya kupima sukari inasoma 16 ila anatetemeka na kutoka jasho.
Usimchome insulini! Aikodekstrini huvunjika kuwa maltosi, aina nyingine ya sukari, na baadhi ya mashine huihesabu maltosi kama glukosi, kwa hiyo huenda sukari yake halisi iko chini. Mpe glukosi sasa hivi na upigie kliniki. Akianza kusinzia au kushindwa kumeza, usimpe kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Akitulia, tuma picha ya mashine na ya kopo la vibanzi, wakuambie kama aina hiyo inamfaa.