Mvua imesafika, udongo wa msitu bado: acha matawi yabaki porini

Wengi wanaotunza misitu ya nchi za baridi, kule Ulaya na kaskazini mashariki mwa Marekani, wanaamini ile habari ya mvua ya asidi ilishaisha, viwanda viliwekewa sheria, salfa angani imepungua sana, basi yameisha. Hapana jamani. Mvua kweli imesafika ila udongo haujarudi ulivyokuwa, na watu wanavuna kana kwamba umerudi.

Ngoja nieleze inavyokuwa. Chembe za udongo zinashikilia kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, hiyo ndo akiba ya mti. Asidi ikishuka na mvua inazibandua, salfeti, yaani ile salfa ya kwenye mvua, inaondoka nazo na maji mpaka kwenye vijito, na nafasi yake inachukuliwa na haidrojeni na aluminiamu. pH, kile kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi imezidi, ikifika chini ya 5 hivi aluminiamu inaanza kuyeyuka, inaumiza ile mizizi midogo na kuzuia hata kalsiamu iliyobaki isiingie kwenye mti. Akiba inajazwa na mwamba unaolika chini, na kama mwamba wenyewe ni granaiti unalika polepole mno, unaweza kuvuna mara mbili tatu kabla haujarudisha kilichopotea.

Pale Hubbard Brook, msitu wa utafiti huko New Hampshire, Marekani, watafiti wanapima mvua na vijito tangu 1963, na wameona kabisa kalsiamu ya udongo ilivyopungua. Mwezi wa 10 mwaka 1999 wakamwaga kwa helikopta madini yenye kalsiamu kwenye bonde moja la hekta 11.8, na miti ya mepo, ile ambayo jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, ikapata nguvu upya. Kwa hiyo kilichokuwa kinakosekana kilijulikana.

Dalili zenyewe watu wanazichanganya na ugonjwa. Sprusi, ule mti wa nchi za baridi wenye majani membamba kama sindano, ikikosa magnesiamu sindano za zamani zinakuwa njano huku za mwaka huu bado kijani, manake mti unahamisha magnesiamu kidogo ulionayo kwenda kwenye machipukizi, sasa mtu anakimbilia dawa ya wadudu wakati shida iko mizizini. Kuna nyingine inanigusa sana, Uholanzi ndege wa msituni walianza kutaga mayai yenye maganda membamba kwa sababu konokono wamepungua, na konokono wamepungua kwa sababu udongo hauna kalsiamu.

Sasa kwenye kuvuna. Kalsiamu nyingi haiko kwenye mbao, iko kwenye magome, majani na vitawi. Ukibeba gogo peke yake unabeba lishe kidogo zaidi, ukibeba mti mzima na matawi yake ukauze kuni za kusaga umebeba akiba ya msitu. Naomba sana, kwenye udongo wa kichanga au wa granaiti matawi yaache palepale, na yatawanye, usiyarundike sehemu moja. Ukipanda tena usirudie sprusi tupu, changanya na miti ya majani mapana, majani yake yanayoanguka yanaoza vizuri na udongo wa juu unapumua.

Chokaa inasaidia lakini usikurupuke. Pima kwanza, na usipime juu tu, chukua sampuli ya ile mboji ya juu na nyingine chini ya mboji, kwenye udongo wenyewe wa madini penye mizizi, na ukumbuke pH kutoka 5 kwenda 4 maana yake asidi imekuwa mara 10. Ujerumani wanatumia chokaa ya dolomaiti, yenye magnesiamu pia, kama tani 3 kwa hekta, inatosha, ukizidisha mboji inaoza haraka na naitrojeni inavuja kwenye maji. Hata lile bonde la Hubbard Brook baada ya miaka kadhaa lilianza kupoteza naitrojeni, hilo tusilifiche. Jivu la kuni nalo linarudisha kalsiamu ila liwe limegandishwa kwanza kuwa punje, jivu bichi linaunguza mimea midogo na nyasi za chini. Pia usiguse maeneo yenye maji maji na mimea ya udongo wa asidi, hiyo ndo asili yake.

Chokaa inashuka taratibu sana, usishangae ukipima mwaka unaofuata ukakuta chini hakuna kilichobadilika. Weka alama ulipochukua sampuli, rudi palepale baada ya miaka 5, halafu 10, kina kilekile.