Antena ya FM ya waya: pima kwa namba ya stesheni, si kwa urefu wa mnazi

Mzee mmoja wa Tongoni aliniletea redio hapa Ngamiani, Tanga. "Fundi, imekufa hii." Haikuwa imekufa. Alikuwa ameifunga waya wa mita 20 hadi juu ya mnazi, akiamini waya mrefu huvuta mbali. Lugha yetu nayo inachangia: masafa ni umbali, na masafa ni namba ya stesheni. Hapa nasema namba.

1. Namba. Stesheni ya megahezi 95 maana yake umeme kwenye antena ya mtambo wa stesheni unakwenda na kurudi mara milioni 95 kwa sekunde. Mtambo ndio unaoamua. Wimbi likichoka njiani, namba haipungui.

2. Kata. Gawa 142.5 kwa namba yako. Kwa 95 unapata mita 1.5, yaani vipande viwili visivyogusana, sentimita 75 kila upande. Tumia shaba, ile ya kufungia umeme wa nyumba. Funga juu ya bomba la plastiki.

3. Lehemu waya wa dishi, ule utakaokwenda kwenye redio. Kiini, yaani waya wa katikati, kwenye kipande kimoja; wavu unaouzunguka kwenye kipande cha pili.

4. Mahali. Hapa ndipo nilipomaliza mchana mzima, nikafungua redio nzima bure. Kinachopungua njiani ni nguvu: umbali ukizidi mara mbili, inakufikia robo tu, na hapo bado hujakutana na ukuta wala kilima. Hilo nilikuwa nalijua. Nililosahau ni mabati. Wimbi linalotoka mtamboni hukutana na lile lililodunda kwenye bati, na pahala pengine yanauana. Nilisogeza antena kama sentimita 80 tu, robo ya urefu wa wimbi, taarabu ikaingia safi. Kwa hiyo usikate tamaa pahala pa kwanza. Sogea kidogo kidogo, tena mbali na bati. Ijaribu ikiwa imesimama, kisha imelala, maana mitambo haifanani. Ikilala, ubavu ndio uelekee mtambo, si ncha. Ukiihamishia stesheni nyingine, pahala pazuri napo huhama. Na kaa mbali na nyaya za umeme, masika yakinguruma ichomoe.

5. Busta. Usinunue. Inakuza na makelele.

Mzee sasa anasikiliza vizuri. Mita 18 na nusu zilizobaki, mkewe anaanikia nguo.